Neno Nililolilainisha

Habari za msiba huu zilinifikia Alhamisi asubuhi, nimesimama kwenye foleni ya maandazi ya mvuke nje ya kituo cha treni cha Sanyuanli, kupitia lile kundi letu la simu ambamo sisi Waafrika Mashariki wa Guangzhou hutafutiana vyumba vya kupanga, nafasi za kontena na watu wa kubeba vifurushi kwenda nyumbani. Juu ya ujumbe huo palikuwa na tangazo la mtu anayejaza kontena la Mombasa. Chini yake, kabla hata watu watano hawajamaliza kuandika pole, mwingine akauliza kama kule mtaa wa Yide Lu bado wanauza zile kalamu za shule kwa katoni. Habari yenyewe ilikaa hapo katikati: "Innalillahi. Fundi Zilezile ametutoka jana Mombasa, kiharusi. Maziko leo baada ya adhuhuri." Niliisoma mara tatu. Maandazi yangu niliyaacha pale pale, na muuzaji akaniita mpaka akachoka.

Wewe msomaji unayenifuata kwenye ukurasa huu unajua siandiki tanzia. Nimeona namna tunavyowapamba marehemu wetu hapa ugenini. Mtu tuliyemkimbia akiwa hai, akifa anakuwa nguzo ya jamii. Leo naandika kwa sababu nimekasirika, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni yangu juu yangu mwenyewe. Hata kufa hawakumwachia jina lake! Hilo "Zilezile" hakupewa na baba yake, wala hakulipenda hata siku moja. Lilikuwa dhihaka, na dhihaka hiyo ilizaliwa na maneno yaliyotoka kinywani mwangu. Nitaeleza yalivyotoka. Lakini kwanza mjue alikuwa mtu wa namna gani, maana wengi waliobandika vikaragosi vya machozi pale kundini hawakuwahi kumjua.

Alikuwa fundi wa magari wa Mombasa, mtu wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya chini na masikio makubwa ambayo yeye mwenyewe aliyafanyia mzaha. Aliletwa Guangzhou na wafanyabiashara wa vipuri waliochoka kuuziwa takataka, na kazi yake ilikuwa moja tu, kukagua. Wengine tulikuja kusoma au kununua. Yeye alikuja kupasua filta. Ndiyo, kupasua. Ukimpa filta ya mafuta, lile chujio dogo ambalo petroli hupitia ikitoka tangini kwenda kwenye injini, hakuwa na habari na boksi wala nembo. Alikata kopo lake kwa kimsumeno, akavuta karatasi ya ndani iliyokunjwakunjwa, akahesabu mikunjo kwa ukucha, akakagua gundi ya pembeni kama imeshika pande zote au imeacha upenyo. Isipomridhisha alisema neno moja, "Urongo," akairudisha kaunta. "Petroli ya kwetu yaja na kutu, yaja na maji, yaja na mafuta ya taa yaliyochanganywa na wezi," aliniambia siku ya kwanza tulipofahamiana. "Sasa wewe wamwekea mtu karatasi ya kufungia njugu, wamwambia hii ni filta?" Ikimridhisha, alichora alama yake kwa kalamu nyekundu juu ya katoni. Nyumbani kulikuwa na wenye maduka walionunua kwa kuitazama alama ile tu, bila kuuliza swali jingine.

Jinsi alivyofanya kazi niliishuhudia vizuri siku moja nje ya ofisi ya kago hapa Sanyuanli. Ofisi ile ilikuwa na gari dogo la mizigo ambalo lilikuwa limeanza vituko: likipanda daraja la juu linashtukashtuka na kukata mwendo kama mtu mwenye kwikwi. Mafundi wa Mombasa husema gari "yamisi". Kwa wiki mbili walikuwa wakibadilisha vitu kwa kubahatisha. Wameweka plagi mpya, wapi. Wameweka koili mpya, wapi. Siku ile walikuwa wameshaazimia kununua pampu ya mafuta. Fundi alikuwa anapita tu na mfuko wake wa sampuli, akasimama, akainamisha kichwa upande mmoja. Mimi nilikuwapo kwa kazi yangu ya kutafsiri, akanishika mkono. "Mwalimu, hebu niulizie dereva. Ikiwa imesimama, yatetemeka?" Wote waliniita Mwalimu kwa vile nilikuwa nasoma shahada ya pili. Nikamuuliza dereva, Mchina wa makamo, akasema hutetemeka kidogo sana. "Na akikanyaga kwa nguvu?" Inakata. "Na akikanyaga polepole, kama mtu asiye na haraka?" Inakwenda. Fundi akatikisa kichwa, akaomba injini iwashwe, kisha akaanza kuchomoa koili moja baada ya nyingine huku akisikiliza. Kila alipochomoa moja, injini ilinung'unika, akiirudisha, inatulia. "Lau moja ingekuwa mbovu, ningeichomoa na injini isiseme kitu," alinieleza, maana alipenda kueleza. "Zote nne zafanya kazi, yakhe. Zina njaa tu. Chakula hakifiki."

Akachomoa fyuzi ya pampu, akaiacha injini ikinguruma mpaka ikajizimikia yenyewe, ili mafuta yasije yakamrukia usoni kwa kishindo atakapofungua bomba. Akalegeza waya wa betri. Akaingia chini ya gari na tambara na bakuli la plastiki aliloomba mgahawani, akabana vibanio, filta ikatoka. Mpya, aliyoitoa kwenye mfuko wake wa sampuli, alinionyesha kabla ya kuifunga: kuna mshale umechorwa juu ya kopo, na mshale huo lazima uelekee injini, wangapi huufunga kinyume kisha wakalaani kiwanda! Akarudisha kila kitu, akafungua swichi na kuifunga mara tatu bila kupiga stata, ili pampu ijaze bomba, akajiinamia tena kutazama kama kuna tone linalovuja. Kisha ndipo akasema, "Washa." Gari likawaka likatulia tuli. Ile filta kuukuu aliigeuza juu ya bakuli, yakatoka maji meusi yenye chembechembe za kutu. Na msimamizi wa ofisi, Mkenya mwenzake, badala ya kusema ahsante, akatazama bakuli akaguna: "Aa, kumbe ni hako tu? Hako kadude?" Fundi akacheka, akaosha mikono yake kwa petroli kidogo, akaenda zake.

Nimekuwa nikilifikiria sana lile "kumbe ni hako tu". Ndivyo tunavyowalipa watu wanaojua. Wangenunua pampu, wangeonyeshana risiti na kujisifu kwamba gari limefanyiwa kazi kubwa. Aliyetumia masikio yake robo saa akaona kidude, huyo hakufanya kitu. Na si mafundi peke yao. Mwalimu anayekushika mahali ulipokwama kwa swali moja, muuguzi anayemgusa mtoto paji la uso akajua, hao wote tunawaambia kumbe ni hako tu. Halafu siku mambo yakiharibika tunawatafuta hao hao, maana tunajua wanajua, ili tuwabebeshe lawama. Naisema jamii yetu hapa, na najisema mimi.

Sasa nije kwenye aibu yangu. Sisi tunaowatafsiria wafanyabiashara Guangzhou tuna jambo tunaloliita kulainisha. Hakuna anayekufundisha, unalijua ndani ya mwezi mmoja au unakosa kazi. Mwenye duka, laoban kama tunavyowaita wote hapa, mwanamume kwa mwanamke, akisema kwa Kichina, "Kama hana uwezo aondoke asinipotezee muda," wewe unamgeukia mteja wako unasema, "Anasema jaribu kuongeza kidogo." Mteja akisema, "Mwambie huyu ni mwizi," wewe unasema, "Rafiki yangu anaomba umfikirie." Biashara inafungwa, watu wanapeana mikono, kila mmoja anaondoka akidhani mwenzake ni muungwana. Nilikuwa bingwa wa kazi hiyo. Wafanyabiashara waliambizana kuanzia Liuhua mpaka hapa Sanyuanli kwamba Mwalimu havunji biashara. Nikavimba kichwa, siwafichi. Nilidhani ni ufundi.

Siku yenyewe tulikuwa watatu kwenye duka la vipuri: mfanyabiashara kutoka Nairobi, Fundi, na mimi katikati. Ilikuwa Ramadhani, joto la Guangzhou lile linalokukamata shingoni, na Fundi amefunga. Sampuli alikuwa ameshazipasua wiki iliyotangulia, filta tatu, karatasi nene, mikunjo ya kutosha, akaridhika. Siku hiyo ilikuwa ya kukamilisha oda. Mzigo wenyewe ulikuwa bado kiwandani, mji mwingine kabisa, ukifungwa moja kwa moja kwenda bandarini. Hakuna katoni ambayo angeweza kuifungua pale. Tulikuwa tumevutana bei na mwenye duka, mama wa Kichina, tangu asubuhi, na Mnairobi alikuwa amekwisha kunikanyaga mguu chini ya meza mara mbili. "Mwalimu, we tafsiri bei," alininong'oneza. "Hizo zingine wacha. Huyu mzee akianza maswali yake tutalala hapa."

Na Fundi akauliza swali lake. Hakuwa na Kichina zaidi ya kusema "hakuna" na "ghali mno", kwa hiyo aliuliza kupitia kwangu, taratibu, huku akimtazama yule mama machoni. "Niulizie, Mwalimu. Mzigo unaokuja, karatasi yake ya ndani ni ile niliyoipasua?" Nikauliza. Yule mama hakuficha, na hili nalisema ili naye asinyimwe haki yake. Alijibu huku akiandika: karatasi ya safari hii imetoka kwa mtu mwingine, lakini chabuduo. Neno hilo utalisikia Guangzhou mara mia kwa siku. Fundi wa mabomba akimaliza kazi, chabuduo. Nguo ikikubana kidogo, chabuduo. Maana yake ni kwamba vitu viwili havijapishana sana, vinakaribiana, hakijawa kile, lakini usisumbuke. Nililijua neno hilo kama ninavyolijua jina langu. Nilikuwa na njaa, maana kwa heshima ya Fundi sikula mchana, Mnairobi alikuwa ananikodolea macho, na nilikuwa nimechoka. Nikamgeukia Fundi nikasema, "Anasema ni zile zile."

"Zile zile?" aliuliza tena.

"Zile zile, Fundi."

"Alhamdulillahi." Akatoa kalamu yake nyekundu, akachora alama kwenye karatasi ya oda, na alama hiyo ndiyo ingechapwa juu ya kila katoni. Mnairobi akanipiga begani kwa furaha. Tukatoka.

Miezi mitatu baadaye, filta zikaanza kurudi madukani Nairobi na Mombasa kwa magunia. Pikapu za mboga zilikuwa zinazimika mlimani. Gari la shule lilikata moto katikati ya makutano ya barabara, watoto ndani; Mungu akasaidia hakuna aliyeumia. Mnairobi akiwa kule akapandisha ujumbe wa sauti kundini, nao ungali kwenye simu yangu. "Wasee, mimi sina maneno mengi. Fundi alikagua. Alama yake iko kwa kila boksi. Muulizeni yeye." Fundi akajibu kwa adabu yake kwamba sampuli alizipasua, na kuhusu mzigo aliuliza, na akaambiwa ni zile zile. Basi! Kundi likapata jina. Zilezile! Mtu akituma picha ya viatu, mwenzake anauliza, "Ni zilezile, Fundi?" Mtu akichelewa mkutanoni anaulizwa kama saa yake ni ya Zilezile. Tulicheka, jamani. Nami niliweka kile kikaragosi cha kucheka, mara moja, ili nisionekane nimenyamaza peke yangu.

Alinitafuta. Tulikutana kwenye mgahawa wa Waislamu nyuma ya soko, mchana, naye amekuja na filta moja aliyoletewa kutoka nyumbani na msafiri. Akaikata pale juu ya meza. Karatasi ilikuwa nyembamba unaona kidole upande wa pili, mikunjo haikufika nusu, gundi imeachia upande mzima kiasi kwamba petroli ilikuwa inapita pembeni na uchafu wake wote. Alikaa anaitazama muda mrefu. Kisha akaniuliza bila hasira, na laiti angekuwa na hasira, "Mwalimu, yule mama siku ile alisemaje hasa? Kwa maneno yake."

Nilikuwa na nafasi pale. Mtu mmoja mbele yangu, meza moja, sahani mbili za tambi. Ningesema, "Fundi, nisamehe, alisema karatasi imebadilika." Angenitukana labda, angeniaibisha kundini, ningekosa wateja mwezi mmoja miwili, yakaisha. Nikamwambia, "Alisema ni zile zile, Fundi. Alitudanganya." Akakunja ile karatasi polepole akaitia mfukoni. "Basi mimi ndiye niliyekosea kumwamini," alisema. "Miaka yote sijaamini boksi, nikaja kuamini mdomo." Yule mama nilimsingizia uongo asiousema, na Fundi nikamwachia kosa asilolitenda, kwa jibu moja, na tambi zangu nikazila.

Baada ya hapo hakuna aliyempa kazi. Mkaguzi akishapoteza jina hana kitu kingine cha kuuza. Walioacha kumwita hawakumwambia kwa nini. Walisema msimu mbaya, walisema watampigia. Wenzetu wapya wakaja, wakagundua kwamba ukaguzi unachelewesha mzigo, na leo filta zinakwenda nyumbani bila mtu kupasua hata moja. Mafundi kule wanalalamika magari yanamisi, wanauza pampu mpya, kila mtu anakula. Siku anaondoka alipita chumbani kwangu kuniaga. Aliniachia sufuria yake nzuri na kilo mbili za mchele wa kupikia pilau. Aliniambia nimalize masomo, nisihangaike sana na masoko, yanaharibu watu. Sijui alikuwa anajua kiasi gani wakati anasema vile, na nimejiuliza swali hilo zaidi ya ninavyoweza kuandika hapa.

Mwaka jana akanipigia simu kutoka Mombasa. Alikuwa amerudi kwenye gereji, anafanya kazi chini ya mtu ambaye zamani yeye ndiye aliyemfundisha kazi. Tukaulizana hali, akaniuliza habari za masomo, kisha akasema, "Mwalimu, nina neno nataka uniambie. Chabudo." Alilitamka kwa lafudhi ya Kimombasa, akiimeza ile "u" ya pili. Akaniambia kwamba Mchina mmoja wa ujenzi wa barabara alileta gari gereji, na wakati wanaipima breki, yule Mchina akasema neno hilo, naye akalitambua. "Wajua mimi masikio haya hayasahau. Yule mama siku ile alisema hivyo. Mengine sikuyashika, lakini hilo nalikumbuka, lilikuwa la mwisho. Sasa nimemuuliza huyu Mchina maana yake, Kiswahili chake cha kuokoteza, akaniambia: 'Karibu karibu. Siyo ile. Karibu.' Nikasema kabla sijasema kitu nimuulize Mwalimu, yeye ndiye msomi. Maana yake ni hiyo?"

Unajua nilimwambia nini, wewe msomaji unayenisifu kwa Kiswahili changu kizuri? Nilimwambia, "Inategemea, Fundi. Kuna wakati hutumika pia kwa maana ya sawa." Na si uongo! Kamusi yoyote itanitetea. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba nilimjibu kwa elimu. Nikasikia mtu anagonga chuma kule gereji. Kisha akasema, "Haya, Mwalimu. Nilitaka kujua tu. Nisalimie wote." Hakunipigia tena, wala mimi sikumpigia.

Alhamisi ile ile alasiri, yule Mnairobi akaniandikia pembeni. "Mwalimu, we ndio uko na kalamu. Tuandikie kitu poa ya Fundi tuweke kwa group. Sema alikuwa mtu wa watu." Sikumjibu. Nilitafuta namba ya mjane, nikampigia Ijumaa, nikampa pole, kisha, kwa woga wa mtu aliyechelewa, nikamweleza yote kama nilivyowaeleza ninyi. Duka, lile neno, mgahawa, simu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nyuma yake nilisikia wanawake wanamsomea marehemu Qur'ani.

"Sasa hayo waniambia mimi ya nini?" aliuliza.

"Nilitaka ujue, mama, kwamba hakukosea."

"Mimi nilikuwa mkewe. Nilijua hakukosea. Wasiojua ni hao wenzako waliomcheka. Na yeye alijua ni wewe. Siku ile aliyokupigia, alikata simu akaja akakaa kitako hapa barazani, akasema, 'Mwalimu angesema tu nimekosea, nami ningemwambia yamekwisha.' Akasema wewe bado mtoto, umeogopa, utapiga. Wallahi, mpaka juzi simu ikilia aliuliza, 'Ya China hiyo?'"

Nilisema samahani, na nikasikia mwenyewe jinsi lilivyokuwa jepesi.

"Samahani yako mimi sina pa kuiweka," alisema, bado kwa upole. "Andika. Wasome wao."

Basi nimeandika. Mnairobi, na msimamizi wa ofisi ya kago, na ninyi nyote mliocheka, na mimi niliyecheka nanyi, haya ndiyo maneno ya yule mama mwenye duka bila kulainisha: karatasi ya safari hii imetoka kwa mtu mwingine, haijapishana sana na ile. Fundi aliuliza swali lililotakiwa kuulizwa, na mimi nikamjibu uongo mara tatu: dukani, mgahawani na kwenye simu. Wanaoanza kazi hii ya kutafsiri naomba wajifunze kitu kimoja kwangu. Mkiharibu jina la mtu, lisafisheni angali anaweza kuwasikia, hata kama mtatetemeka, hata kama mtakosa kazi. Mimi nimelisafisha jina lake leo, mbele ya maelfu ya wasomaji, na mtu pekee aliyekuwa akisubiri kulisikia likisafishwa hayupo.